Binti wa Muuza Maziwa: Hadithi Moja na Miisho Yake Mitatu

Katika hadithi nyingi zisimuliazo ndoa ya watu wa dini mbili, msimulizi huwa upande wa vijana. Msomaji huwaona wanavyopendana, huwaona wazee wanavyowazuia, na kabla hajafika nusu ya kitabu moyo wake umekwisha kata shauri. Hadithi tunayotaka kuipima hapa haiendi hivyo. Msimulizi wake ni baba, tena baba aliyeumizwa, nasi hatupati kuwaona vijana ila kwa macho yake. Ni hadithi ya Chava binti Tevye, Myahudi aliyeolewa na Mkristo, iliyoandikwa na Sholem Aleichem. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, katika muda wa miaka 50 imepewa miisho mitatu mbalimbali, na kwa kuilinganisha miisho hiyo twaweza kuona jinsi watu wa taifa moja walivyobadili mawazo yao juu ya jambo linalowachoma. Pili, ndani yake mna kasisi. Na wengi wa wasomaji wetu ni makasisi, au ni walimu wafanyao kazi pamoja na makasisi. Tumezoea kusoma habari za kasisi zilizoandikwa na kasisi. Si vibaya mara moja kuutazama mlango wa nyumba yake kutoka nje.

Sholem Aleichem alizaliwa mwaka 1859 huko Pereiaslav, katika nchi ya Ukraine iliyokuwa zamani zile chini ya Kaizari wa Urusi, akafa New York mwaka 1916. Jina lake hasa ni Solomon Rabinovich. Hilo la kuandikia ni maamkio ya Kiebrania, maana yake "amani kwenu", ndugu wa salamu aleikum isikiwayo kila siku katika pwani yetu. Aliandika kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya mashariki. Lugha hii asili yake ni Kijerumani cha kale, imepokea maneno mengi ya Kiebrania na ya Kislavoni, nayo huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Mswahili hatalistaajabia jambo hili, maana lugha yetu nayo ni ya Kibantu, imepokea maneno mengi ya Kiarabu, na kwa karne nyingi iliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Na kama vile mzee wa pwani apambavyo maneno yake kwa aya na methali, ndivyo Tevye muuza maziwa asivyoweza kusema sentensi tatu bila kutia neno la Torati au la sala. Mara nyingine hulipotosha kwa makusudi ili msikilizaji acheke, na mara nyingine ili yeye mwenyewe asilie.

Hadithi yenyewe ni fupi. Tevye akaa kijijini karibu na mji wa Kiev, ana mke aitwaye Golde na mabinti wengi, na mali yake ni farasi mmoja na ng'ombe wachache. Chava ni mmoja wa mabinti hao, naye apenda kusoma. Jina lake, tukiliandika kwa namna yetu, ni Hawa. Katika kusoma kwake amefahamiana na kijana wa Kikristo aitwaye Fyedka, karani wa kijiji, naye pia ni msomaji. Baba amwuliza binti yake kijana huyu ni nani. Binti ajibu kwamba ni Gorky wa pili. Baba auliza: na Gorky wa kwanza alikuwa nani? Swali hili huwachekesha wasomaji, lakini limebeba uzito wote wa hadithi. Binti ataja jina la mwandishi aliyejulikana katika Urusi nzima. Baba atafuta jina la ukoo. Mmoja humpima mtu kwa vitabu alivyosoma, na mwingine kwa watu waliomzaa. Wanasema lugha moja na hawasikilizani.

Kisha Tevye akutana na kasisi njiani, naye kasisi amwambia ya kuwa Chava yuko mikononi mwake. Siku chache baadaye binti hayuko nyumbani. Tevye aenda kumdai kwa kasisi, arudi mikono mitupu. Ndipo amwambiapo mkewe avue viatu, wakae chini, wamwombolee mtoto wao kama aliyekufa. Baadaye Chava amtokea baba yake msituni, amsihi asimame wasemezane neno moja tu. Tevye ampiga farasi na kwenda zake. Lakini akiisha kupita, moyoni aanza kuuliza kwa nini Mungu aliumba Wayahudi na wasio Wayahudi, na kama aliwaumba hivyo, kwa nini watengane hata wasiweze kutazamana. Swali hilo halijibu, wala hageuzi gari.

Hapa msomaji wa siku hizi aweza kupotea njia, kwa hiyo yafaa tumwonyeshe jambo moja la sheria. Katika dola ya Urusi ya wakati ule hapakuwa na ndoa ya serikali, wala Mkristo wa Kanisa la Orthodox hakuruhusiwa kuoana na mtu asiyebatizwa. Chava hakuweza kuwa Myahudi na kuwa mke wa Fyedka kwa wakati mmoja, hata kama yeye, na mumewe, na wazee wa pande zote mbili wangalikubali. Mlango wa arusi ulikuwa ndani ya kanisa, na mlango wa kanisa ulikuwa ubatizo. Tena mambo hayo hayakutukia wakati wa amani. Tangu mwaka 1882 sheria ziliwakataza Wayahudi kuhamia vijijini upya. Na mwezi wa Oktoba mwaka 1905 makundi ya watu yaliwapiga na kuwaua Wayahudi katika miji mingi, Kiev ukiwamo. Sholem Aleichem alikuwako Kiev siku hizo, akayaona kwa macho yake, na muda mfupi baadaye akaihama nchi. Hadithi ya Chava ilitoka mwaka 1906. Kwa hiyo Tevye alipomwona binti yake ameingia nyumbani mwa kasisi, hakuona kwamba amechagua mume tu. Aliona amevuka kwenda upande wa wale wenye nguvu, na baadhi yao walikuwa wameshika marungu.

Maneno mawili ya hadithi hii yastahili kuchunguzwa na wanaopenda lugha. La kwanza ni jina la maombolezo yale, shiva. Maana yake ni "saba", maana hukaliwa siku saba. Nalo ni ndugu wa saba yetu, ambayo tuliipokea kwa Waarabu. Anayetaka kulifasiri kwa Kiswahili hana haja ya kutafuta mbali: ni matanga. Katika matanga ya Kiyahudi waliofiwa huvua viatu, hukaa chini au juu ya viti vifupi, na majirani huja na chakula. Kumkalia matanga mtoto aliye hai kwa kuwa ameiacha dini ilikuwa desturi ya Wayahudi wengi wa Ulaya ya mashariki. Wazee wetu wana methali isemayo kwamba mtoto akikunyea mkono huukati. Tevye aukata mkono wake, kisha kwa miaka mingi auhisi ukiuma mahali ulipokuwa.

Neno la pili ni goy, na wingi wake goyim. Katika Kiebrania cha Maandiko maana yake ni "taifa" na "mataifa", nao waliofasiri Biblia kwa Kiswahili walifanya vema kusema "Mataifa". Walakini angalieni neno hili lilivyosafiri. Katika Kiyidi limekuwa jina la mtu yeyote asiye Myahudi, na mara nyingine lina dharau ndani yake. Katika makanisa yetu nalo limesikiwa likitumiwa kwa majirani wasiobatizwa: "watu wa mataifa", yaani wale wa nje. Sisi tulioitwa mataifa na wenyeji wa kwanza wa Maandiko tumegeuka kuwaita wengine mataifa. Msomaji wa Kiafrika akisoma hadithi ya Chava na asijue yeye ni nani ndani yake, kama ni wa nyumba ya Tevye au wa nyumba ya kasisi, na asione haya kusita. Kusita huko ndiko kunakofaa.

Sasa tuitazame miisho. Mwisho wa kwanza ni wa mwandishi mwenyewe, katika hadithi iliyotoka mwaka 1914 yenye jina Lekh-Lekho. Maneno hayo ndiyo aliyoambiwa Ibrahimu alipoamriwa kuiacha nchi yake. Katika Kiebrania yamejengwa kwa namna isiyofasirika kwa urahisi katika lugha nyingi: "enda" pamoja na neno la kuonyesha kwamba mwendo ni wa mwendaji mwenyewe. Kiswahili chaweza kuyafasiri bila taabu, maana tuna "enda zako", nayo pia yaweza kuwa baraka ya safari au neno la kumfukuza mtu. Mwandishi atumia pande zote mbili. Tevye ameamriwa na serikali kuondoka kijijini, yeye na Wayahudi wenziwe. Golde amekwisha kufa. Siku ya kufunga mizigo, binti mkubwa Tzeitel amwarifu ya kuwa Chava amerudi, ameacha alikokuwa, ataka kwenda uhamishoni pamoja na baba yake. Hapo Tevye aacha kusimulia, amgeukia mwandishi aliyekuwa akimsikiliza, amwuliza kama yeye angalikuwa baba angalifanya nini: angalimkumbatia, au angalimwambia enda zako? Mwandishi hajibu. Hadithi yaishia hapo.

Mwisho wa pili ni wa sinema iliyotengenezwa kwa Kiyidi katika Marekani mwaka 1939 na Maurice Schwartz, ambaye pia alimwigiza Tevye. Mwaka huo wenyewe watosha kutuambia watazamaji walikuwa na hofu gani. Humo swali halikuachwa wazi. Chava amwacha mumewe, arudi, ajuta, naye baba ampokea. Na ili kurudi kwake kuonekane ni haki tupu, wanakijiji Wakristo wameonyeshwa kuwa walevi na watu wasio na adabu, hata mtazamaji hawezi kufahamu msichana mwenye akili alipenda nini katika nyumba ile. Hatuwalaumu waliotengeneza picha hiyo katika mwaka kama ule. Lakini kwa habari ya usanii, imepungukiwa. Ukimfanya mkwe kuwa mnyama, baba hahitaji kuteswa na shaka, na pasipo shaka hiyo Tevye si Tevye tena.

Mwisho wa tatu ni wa mchezo wa nyimbo uitwao Fiddler on the Roof, ulioanza kuchezwa New York tarehe 22 Septemba 1964. Maneno yake yaliandikwa na Joseph Stein, muziki na Jerry Bock, na mashairi na Sheldon Harnick. Ulichezwa mara 3,242 mfululizo katika New York, ukafanywa sinema mwaka 1971, na kwa watu wengi duniani ndiyo hadithi pekee ya Tevye waijuayo. Humo Fyedka ni kijana mpole, mwenye vitabu, amlindaye Chava asidhihakiwe na vijana wenziwe. Wayahudi wakifukuzwa, yeye na mkewe nao waihama nchi, maana hawataki kuishi na watu watendao uovu kama ule. Tevye hasemi na binti yake; lakini wakati wa kuagana, kwa sauti ya chini, amwombea Mungu awe pamoja nao, na Tzeitel alirudia neno hilo kwa sauti ili dada yake alisikie.

Ni mwisho mzuri, nasi twakiri kwamba unagusa moyo. Hata hivyo una kosa lililo kinyume cha lile la 1939. Fyedka huyu hana baba wala mama wa kushindana naye, na kanisa limebaki kama mahali tu palipofungiwa ndoa. Ubatizo, uliokuwa kisu chenyewe katika hadithi ya 1906, hausikiki. Watazamaji wa Marekani waliona mbele yao vijana wawili waliopendana na mzee aliyechelewa kubadilika. Katika picha ya 1939 Chava arudi kwa sababu Wakristo ni wabaya. Katika mchezo wa 1964 asamehewa kwa sababu Mkristo wake ni mwema. Kotekote swali la Tevye limegeuzwa kuwa swali la tabia ya mkwe. Lakini Tevye wa kwanza hakuuliza kama Fyedka ni mwema. Aliuliza kama binti aweza kuondoka katika watu wake na baba akabaki baba.

Kwa hiyo twasema mwisho wa mwandishi ndio bora, si kwa kuwa ni wa zamani, bali kwa kuwa ni wa kweli. Baba mwenye maumivu kama yale hana jibu moja. Ana majibu mawili, na kila moja lamfanya mkosaji. Lakini tusimsifu mwandishi kupita kiasi. Kwa kuwa kila neno lapita kinywani mwa Tevye, Fyedka ni kama kivuli, na Chava, tukiondoa maneno machache ya mwanzo, hapewi nafasi ya kujieleza. Kwa nini alirudi? Alipigwa? Alidharauliwa kwa asili yake? Au aliona haya kubaki salama nyumbani huku baba yake mzee akifukuzwa? Hatuambiwi. Hadithi yenye haki kamili ingalimpa binti sura yake, angalau moja.

Tangu hapo mambo yamebadilika sana, hasa katika Marekani. Uchunguzi uliofanywa na kituo cha utafiti cha Pew mwaka 2020 ulionyesha ya kuwa kati ya Wayahudi waliooa au kuolewa kabla ya mwaka 1980, 18 katika kila 100 walikuwa na mwenzi asiye Myahudi; kati ya waliooana tangu mwaka 2010, ni 61 katika kila 100. Walakini kwa wale wa madhehebu ya Orthodox, 98 katika kila 100 wenye ndoa wana mwenzi Myahudi. Marabi nao hawana shauri moja. Kwa sheria yao ya kale mtoto hufuata upande wa mama; marabi wa madhehebu ya Reform katika Marekani walikata shauri mwaka 1983 kwamba mtoto wa baba Myahudi na mama asiye Myahudi aweza kuhesabiwa Myahudi akilelewa hivyo, na marabi wa Orthodox na wa Conservative hawakulikubali. Katika Israeli ndoa zifungwazo nchini ziko chini ya mabaraza ya dini, hata Myahudi na asiye Myahudi watakao kuoana huenda ng'ambo, mara nyingi kisiwa cha Kupro, na wakirudi serikali huiandika ndoa yao. Kumkalia matanga mtoto aliye hai kumekuwa jambo la nadra. Lakini mtu asidhani kwamba kwa kuwa matanga yamekwisha, huzuni nayo imekwisha. Taifa dogo lililopotewa na watu milioni sita katika vita ya 1939 hadi 1945 huhesabu watoto wake kwa namna ambayo taifa kubwa halihitaji kuhesabu.

Maandiko yenyewe yana sauti mbili juu ya jambo hili, na mwalimu asifiche hata moja. Katika kitabu cha Ezra wanaume waliorudi kutoka Babeli waliwaacha wake zao wa kigeni. Majina ya wanaume yameandikwa moja moja. Wanawake na watoto wao hatuambiwi walikwenda wapi. Katika kitabu cha Ruthu mwanamke wa Moabu aolewa Bethlehemu na kuwa bibi mzaa baba wa Yese, naye Yese ndiye babaye Daudi. Wayahudi hukisoma kitabu hicho katika sikukuu ya Majuma, na marabi wa kale, wakiona kwamba Torati yamkataza Mmoabi asiingie katika mkutano, walifundisha ya kuwa neno lile lataja wanaume wa Moabu tu, si wanawake. Hivyo sarufi ilimfungulia Ruthu mlango.

Sisi twampenda Ruthu, na twafanya vema. Lakini twamtazama kutoka Bethlehemu, alikofika. Ruthu alikuwa na mama yake huko Moabu. Naomi mwenyewe alilitaja jambo hilo alipowaambia wakwe zake wawili warudi, kila mmoja nyumbani kwa mamaye. Mama yule hatajwi tena. Pengine alikaa matanga. Chava ni Ruthu aliyesimuliwa na Moabu, na hiyo ndiyo faida kubwa ya hadithi hii kwetu.

Maana katika mitaa yetu nako vijana huja. Binti wa Kiislamu huja kwa ajili ya kijana Mkristo, na binti wa Kikristo huondoka kwa ajili ya kijana Mwislamu, na wengi wao walifahamiana kama Chava na Fyedka, kwa kuazimana vitabu katika shule zetu. Huyo ajaye twamwandikia jina katika daftari ya wanaofundishwa na kumshukuru Mungu. Huyo aondokaye twamfuta. Hatusemi mlango ufungwe. Twasema kasisi wa hadithi ile alikosa mahali pamoja panapoonekana wazi: baba alipofika mlangoni kwake kumtafuta mwanawe, alirudishwa. Hata kama binti alikuwa mtu mzima, hata kama alikuja kwa hiari yake, baba yule alistahili kiti, na maji ya kunywa, na nafasi ya kusema na mtoto wake kabla ya maji ya ubatizo kumwagwa. Kama angalipewa hayo, huenda Chava angalibatizwa vilevile. Lakini asingalilazimika kumngojea baba yake msituni.